Wapenzi wa Kurt Cobain na Mabishano Yao Yasiyokwisha

Wapenzi wa bendi ya roki ya Nirvana hawakai pamoja wakanyamaza. Wakikutana wawili, iwe Seattle kwenyewe, iwe São Paulo au Tokyo, salamu zikiisha tu maswali mawili huingia barazani. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi hiyo, alikuwa mpiga gita hodari, au alikuwa kijana mwenye hasira aliyepewa nyuzi sita? Na zile nyimbo zake zilikuwa zikisema nini?

Albamu za studio ni tatu: Bleach ya 1989, Nevermind ya 1991 na In Utero ya 1993. Mwimbaji mwenyewe alijitoa uhai Aprili 1994, akiwa na miaka 27. Ukiongeza kanda za maonyesho na madaftari aliyoyaacha, umekaribia kumaliza urithi wote, na urithi huo umewatosha watu kubishana kwa zaidi ya miaka 30. Nimeifuata jamii hii kwa mapenzi, na ninayaona mabishano kuwa ndiyo mila yao kubwa, kuliko hata kusikiliza. Ila nasema pia kwamba yana mpaka. Mpaka huo aliuweka Cobain mwenyewe, na wengi wanaupita bila kuuona.

Jamii hii haina kaburi la kuzuru, kwa kuwa mwili wa Cobain ulichomwa. Watu wakajichagulia mahali pao. Pa kwanza ni Viretta Park, bustani ndogo ya umma karibu na Ziwa Washington mjini Seattle, inayopakana na nyumba alikofia. Benchi la mbao lililopo pale limejaa maandishi, jina juu ya jina, mpaka mbao hazionekani. Ikifika tarehe 5 Aprili, au 20 Februari aliyozaliwa, watu huja na maua, mishumaa, barua na sigara, na asiyekosa ni mtu aliyekuja na gita. Pa pili ni Aberdeen, mji wa magogo na viwanda vya mbao katika jimbo la Washington, alikozaliwa mwaka 1967. Kuanzia 2005 bango linalowakaribisha wageni mjini humo limebeba jina la wimbo wake, Come As You Are. Chini ya daraja la Young Street, ukingoni mwa mto Wishkah, nguzo za saruji zimeandikwa salamu za watu wa lugha nyingi, kwa sababu inasemwa kwamba alilala hapo alipokuwa kijana asiye na pa kukaa, na kwamba wimbo Something in the Way ulizaliwa hapo.

Hata hija hii ina wabishi wake. Krist Novoselic, mpiga gita la besi wa bendi na rafiki yake tangu ujana, amepinga kwamba Cobain aliishi chini ya daraja lile: maji hupanda na kushuka, matope tele, mtu hawezi kulala. Wengi wa wapenzi wanalijua neno hilo la Novoselic na bado wanakwenda. Mimi siwalaumu. Kijana aliyekuwa akihama kutoka sebule ya mtu mmoja kwenda ya mwingine alikuwa hana makao kweli, daraja liwe lilimhifadhi au lisiwe.

Kabla intaneti haijaenea, uzee katika jamii hii ulipimwa kwa kaseti. Watu waliokuwa wamerekodi maonyesho kwa siri, au waliopata nakala za nyimbo ambazo hazijatolewa, walipelekeana kwa posta. Mwiko ulikuwa mmoja: huuzi. Anayetaka nakala hutuma kaseti tupu pamoja na gharama za stempu, au hutoa onyesho jingine alilonalo. Kwa kuwa kila nakala ya nakala ilizidi kufifia na kuvuma, mwenye kaseti iliyokaribia rekodi ya asili aliheshimiwa kama mwenye nasaba. Ndiyo maana mkusanyo wa With the Lights Out ulipotoka rasmi mwaka 2004, wazee wa jamii walikuwa wameshazijua nyingi ya nyimbo zake kwa moyo.

Desturi moja siipendi hata kidogo. Kijana akionekana amevaa fulana ya Nirvana, ile yenye uso wa njano unaotabasamu, mkubwa mmoja humsimamisha na kumtahini: taja nyimbo tatu. Akishindwa, anachekwa. Cobain alikuwa kinyume kabisa cha hayo. Mwaka 1992, wakati kila kamera ilikuwa imemwelekea, alivaa mara kwa mara fulana ya Daniel Johnston, mtunzi wa Texas ambaye watu wachache walimjua, na watu wakaanza kuuliza Johnston ni nani na kutafuta kanda zake. Aliifanya fulana iwe mlango wa kuingilia.

Sasa tufike kwenye gita, ambapo sauti hupanda. Kila upande una ushahidi wake, na jarida la Rolling Stone limewapa wote kuni za kuchochea. Mwaka 2003 lilipopanga wapiga gita 100 bora wa wakati wote, Cobain aliwekwa nafasi ya 12. Mwaka 2011 orodha ilipopangwa upya, akashushwa hadi ya 73. Rekodi ni zile zile na mtu alishafariki miaka mingi nyuma. Kilichobadilika ni waamuzi: orodha ya kwanza ilikuwa ya mwandishi mmoja, David Fricke, na ya pili ilipigiwa kura na jopo ambalo ndani yake walikuwamo wapiga gita wengi. Ukitaka kujua kwa nini mashabiki hawaelewani, anzia hapo.

Wanaomkana wana hoja nzito. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimelelewa na Eddie Van Halen, mtu ambaye vidole vyake vyote kumi vilicheza juu ya shingo ya gita. Cobain hakuwa na wepesi huo, wala hakuutafuta. Solo ya Smells Like Teen Spirit haiendi popote. Inarudia tu sauti ile ile aliyoiimba kwenye beti. Nyimbo nyingi zimejengwa juu ya nyuzi mbili au tatu zinazobanwa pamoja na kusukumwa juu na chini. Mwanafunzi wa gita wa miezi michache anaweza kuzipiga.

Anaweza kuzipiga, ndiyo. Angeweza kuzitunga? Hapo ndipo ninaposimama na upande wa pili. Wimbo wa About a Girl uliomo kwenye Bleach, albamu iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti 17, unaanza kwa mipigo miwili tu inayopokezana, halafu sauti ya mwimbaji inapita juu yake kwa njia ambayo huitarajii, kisha kiitikio kinahamia mahali pengine kabisa na bado unahisi umefika nyumbani. Huo ni ufundi. Unafanyika sikioni kabla ya kufika vidoleni. Na ile solo inayorudia sauti ya beti, wanayoicheka, inakufanya uikumbuke baada ya kusikia mara moja. Cobain alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, akitumia magita ya bei rahisi, mengine yaliyotengenezewa mkono wa kulia akayageuza nyuzi, na pedali zilizokwaruza sauti kwa kukanyagwa. Alichagua makelele yake kwa uangalifu. Alisema wazi kwamba alipotunga Teen Spirit alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies, bendi ya Boston iliyokuwa ikinong'ona kwenye beti na kulipuka kwenye kiitikio. Mtu asiyejua kazi hawezi kukutajia mwalimu wake hivyo.

Kosa la watetezi wake ni kuusifu uzembe, kana kwamba kutojua ndiko kulikomfanya mkubwa. Butch Vig, aliyesimamia Nevermind, amesimulia jinsi Cobain alivyokataa kuimba sehemu moja mara mbili ili sauti zipandane, akiona ni udanganyifu, mpaka alipoambiwa kwamba John Lennon alifanya hivyo. Akakubali. Alitaka jambo liwe zuri, alitaka tu lisinuke ujanja.

Shahidi anayefunga mjadala huu, kwangu, ni onyesho la MTV Unplugged lililorekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993. Pedali karibu zote ziliwekwa kando, ngoma zikapigwa kwa upole. Nyimbo 14, na 6 kati yake si za Nirvana: wa The Vaselines, wa David Bowie, watatu wa Meat Puppets, na wa mwisho uliowahi kuimbwa na Lead Belly, mwimbaji wa bluzi. Ule uliowapa utajiri, Teen Spirit, haumo. Kama nyimbo zake zingekuwa makelele matupu, usiku ule zingebaki mifupa. Zilisimama. Gita alilolipiga usiku huo, Martin la mwaka 1959, liliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6. Bei si kipimo cha ufundi, lakini hakuna anayetoa fedha hizo kwa kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa kupiga.

Mabishano ya maana ya nyimbo ni marefu zaidi, na sababu moja ni ya kawaida kabisa: watu hawakuwa na maneno. Nevermind ilipotoka Septemba 1991, karatasi yake haikuwa na mashairi kamili, bali vipande vilivyochanganywa. Cobain aliimba kwa kumeza silabi. Mpaka singo ya Lithium ilipotoka mwaka 1992 ikiwa na mashairi ya albamu yote, mashabiki walikuwa wamejaza mapengo kwa walichodhani wamesikia. Mchekeshaji Weird Al Yankovic alitunga wimbo mzima wa mzaha juu ya hali hiyo, na Cobain akampa ruhusa. Mwenye kusikiliza taarabu anaijua hali hii: fumbo likiimbwa, ukumbi mzima huulizana linampiga nani. Tofauti ni kwamba fumbo la taarabu huwa na mlengwa. Cobain mara nyingi aliokota mistari kutoka madaftari tofauti akaiunganisha, na Dave Grohl, mpiga ngoma wake, amesema alimwona akiandika maneno dakika chache kabla ya kuimba.

Jina lenyewe la Smells Like Teen Spirit ni somo. Kathleen Hanna wa bendi ya Bikini Kill alimwandikia ukutani kwamba ananukia hivyo. Teen Spirit ilikuwa dawa ya kuzuia harufu ya kwapa, iliyouzwa kwa wasichana. Cobain hakulijua hilo. Aliyachukua maneno kama wito wa mapinduzi ya vijana, akayafanya jina la wimbo. Basi nani mwenye maana sahihi, aliyeandika ukutani au aliyesoma? Heart-Shaped Box nao hivyo hivyo: yeye alisema ulichochewa na filamu za televisheni kuhusu watoto wenye saratani, na mashabiki wengi hawakubali, wanasema ni wimbo wa mkewe, Courtney Love. Shajara zake zilipochapishwa mwaka 2002, jamii ikagawanyika tena. Wapo wanaozichambua ukurasa kwa ukurasa, na wapo walioapa kutozifungua, kwa kuwa mwenyewe hakuziandika zisomwe na sisi. Mimi niko karibu na hawa wa pili.

Namna moja ya kusoma nyimbo hizi ningependa ikome: kusoma kinyumenyume, kuanzia kifo. Kwamba alitaka mayungiyungi na mishumaa jukwaani kwenye Unplugged kumefanywa utabiri. Kila mstari wenye huzuni umefanywa wasia. Kifo hakikuandika nyimbo hizo. Aliyeziandika ni mtu aliyekuwa hai, aliyekuwa na utani mwingi, na aliyewapenda Beatles.

Na sasa ule mpaka. Mwaka 1987 msichana wa miaka 14 alitekwa alipokuwa akitoka kwenye onyesho la muziki huko Tacoma, akabakwa na kuteswa, kisha akafanikiwa kutoroka mtekaji aliposimama kwenye kituo cha mafuta. Cobain alisoma habari hiyo akatunga Polly, akiimba kwa sauti ya yule mhalifu ili msikilizaji aone ubaya ukiongea kwa utulivu. Baadaye akapata habari kwamba wanaume wawili walimbaka msichana huku wakiuimba wimbo huo huo. Katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya mkusanyo wa Incesticide, Desemba 1992, alieleza jinsi jambo hilo lilivyomuumiza. Humo humo akawaambia wanaowachukia mashoga, watu wa rangi nyingine au wanawake, kwamba wakae mbali, wasije kwenye maonyesho na wasinunue santuri zake. Alikuwa tayari kupoteza wateja.

Hapo ndipo uhuru wa tafsiri unapokoma. Mtu aliyeacha mashairi yake wazi kwa kila sikio alisema wazi pia kwamba kuna usikilizaji ambao ni dhuluma. Wimbo wa In Bloom aliwatungia watu wanaopenda kuimba pamoja bila kujali kinachoimbwa, na mpaka leo viwanja vizima vinauimba. Naona wanajamii wakitumia saa nyingi kubishana kama nafasi ya 12 ni haki au 73, na maandishi ya Incesticide hawajawahi kuyasoma. Ewe unayempenda Cobain, bishana upendavyo juu ya gita lake, juu ya daraja la Aberdeen, juu ya nani alikuwa mlengwa wa Heart-Shaped Box. Ila yasome maandishi hayo kwanza, kisha uisikilize Polly upya, na ukimsikia mtu akiiimba kwa kicheko, mwambie inamhusu nani.