Lala Kericho, Shinda Kisumu

Shule zikifungwa, ndugu na marafiki hunipigia simu kuniuliza hoteli nzuri ya Kisumu. Wanataka kula samaki ufuoni na kuwaonyesha watoto ziwa. Jibu langu halibadiliki: nendeni Kisumu, lakini msilale huko. Laleni kwetu Kericho, asubuhi mpande matatu, jioni mrudi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na sababu zangu karibu zote zinatoka darasani.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, iko mita 1,130 hivi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita na kitu. Ndiyo maana anayelala Kisumu hutafuta feni, na anayelala Kericho huomba blanketi la pili. Mgeni aliyezunguka jijini kutwa kwenye jua akirudi huku hulala fofofo. Mbu nao ni wachache, ingawa mtu asidanganywe kwamba malaria haipandi mlima: mashamba haya ya chai yamewahi kukumbwa na milipuko yake. Chandarua kikiwepo, kishusheni.

Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 80 hivi, na matatu ya abiria 14 huzimaliza kwa saa moja na nusu au mbili, kutegemea inasimama mara ngapi. Ratiba hakuna. Gari huondoka likijaa, na hapo ndipo wageni wengi hupotezea asubuhi yao. Makanga anaita, "Kisumu mmoja! Amebaki mmoja!" Mgeni anaingia mbio, kumbe nusu ya waliokaa ndani ni vijana wa steji waliowekwa wajaze viti. Abiria wa kweli mtambue kwa mzigo. Mama aliyepakata kapu la mboga, mzee mwenye bahasha ya hospitali, mwanafunzi na sanduku lake la bati, hao wanasafiri. Kijana aliyekaa mikono mitupu karibu na mlango, akipiga soga na makanga, atashuka muda si mrefu.

Mimi huuliza wenye makapu.

"Mama, shikamoo. Hili linaondoka sasa?"

"Bado, mwalimu. Ingia lile la mbele, mimi nasubiri mizigo yangu."

Nauli pia waulize wao kabla ya kupanda, kwa sababu hupanda wikendi, sikukuu na hata mvua ikinyesha. Kisha keti upande wa kulia. Nawasihi wageni wangu wasilale njiani, maana safari hii ni somo zima la Jiografia kwa nauli ya matatu. Mnatoka katikati ya chai, mashamba makubwa yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920 kwenye ardhi ambayo familia nyingi za Wakipsigis zilihamishwa kutoka humo, na ambayo wajukuu wao wanaidai mpaka leo. Mkipita Kapsoit barabara inaanza kuteremka. Chai inakwisha, mahindi yanachukua nafasi, na upande wa Soin miwa inaanza kuonekana. Makoti yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa. Mkifika uwanda wa Kano, ukuta wa milima ya Nandi umesimama kulia kwenu, na mbele ni Ahero na mashamba yake ya mpunga, yanayomwagiliwa chini ya mradi ulioanza 1969. Chai inataka baridi na mvua ya mwaka mzima, miwa inataka joto, mpunga unataka tambarare inayotuama maji. Nimefundisha hayo kwa ramani ubaoni miaka mingi, na hakuna darasa lililoelewa upesi kama wanafunzi waliochungulia dirisha la matatu.

Kisumu yenyewe haihitaji maelezo mengi. Tuktuk zimejaa na zitakupeleka Dunga ufuoni, au kwenye makumbusho yenye boma la Kijaluo. Jumapili ni siku ya soko la Kibuye.

Kurudi ndiko kunakotaka hesabu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo wenye unyevu hutoka ziwani kupanda milimani. Huko juu hukutana na upepo wa mashariki, mawingu yanarundikana, na kuanzia alasiri mvua inashuka na radi zake, mara nyingi mvua ya mawe. Kericho inajulikana kwa mvua hiyo. Miaka ya 1960 yalifanywa hata majaribio ya kuizuia ili kuokoa majani ya chai. Kwa msafiri maana yake ni moja: saa tisa uwe umeshafika steji ya Kisumu. Gari litachukua muda kujaa, na ni afadhali barabara ya kupanda uikute kungali mwanga.

Nalisisitiza hili kwa uzito. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, upande wetu wa kwenda Nakuru, lori lilipoteza mwelekeo likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwamo wachuuzi. Walikufa zaidi ya watu 50. Miteremko yetu ni mizuri kwa macho lakini ni mikali kwa breki. Kanuni za usalama barabarani za 2004, maarufu kama za waziri Michuki, zilileta mkanda na kidhibiti mwendo kwenye matatu. Mkanda ukikosekana kwenye kiti chako, omba kingine au ushuke. Makanga atanung'unika. Mwache anung'unike.

Wengine hupenda kulala ndani zaidi, Litein au hata Mogogosiek kule Bomet, ambako unaamka na kukuta wachumaji wameshaingia shambani na vikapu mgongoni. Ni kuzuri, na ningependa wageni wengi wafike, kwa kuwa pesa ya chumba na ya chakula hubaki mikononi mwa watu wa pale pale. Ila huko safari inakuwa ya magari mawili: unabadilisha Kericho, na jioni magari ya ndani hupungua mapema kuliko ya barabara kuu. Kabla hujatoka asubuhi, mwambie mwenyeji wako saa utakayorudi, na umwombe namba ya bodaboda anayemjua yeye. Ukifika Kericho, mpigie kijana huyo kabla hujapanda gari la pili, ili akusubiri mahali utakaposhukia.