Cheche za mwilini: Waturkana watufunze sisi wa Pwani

Siku hizi hapa Pwani hukosi mtu anayeuza vidonge vya "kusafisha seli". Kabla hujatoa pesa yako, tuelewane kwanza.

Karibu kila seli ya mwili ina majiko madogo yaitwayo mitokondria. Humo chakula huunguzwa kwa oksijeni tupate nguvu, na jiko halikosi cheche. Wataalamu huziita radikali huru: chembe zilizopungukiwa elektroni, zikapora za jirani. Hupora kwenye mafuta ya ngozi ya seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Mwili una njia zake za kuzizima. Cheche zikizidi uwezo huo, seli huumia, na hali hiyo huandamana na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Sigara, moshi na sukari kuzidi damuni huzichochea. Mafuta ya bhajia yanayochemshwa leo, kesho na keshokutwa nayo hayana heri.

Sasa twende Turkana. Chukua ndugu wawili: mmoja amebaki na mbuzi wake Kerio, karibu na Ziwa Turkana, mwingine amehamia mjini. Damu ni moja, maisha mbalimbali. Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa Waturkana zaidi ya 1,200. Wafugaji, ambao chakula chao kikubwa ni maziwa, nyama na damu, walikuwa na afya njema ya moyo. Hata walioacha ufugaji wakabaki mashambani hawakuwa vibaya. Waliohamia mijini ndio waliozidi kwa unene, presha na sukari. Na kadiri mtu alivyokulia mjini, ndivyo afya yake ya ukubwani ilivyokuwa dhaifu zaidi.

Utafiti huo haukupima cheche zenyewe, bali maradhi yanayoandamana nazo. Wala sisemi tunywe damu; kwetu Waislamu ni haramu. Ninachokiona ni mwendo mrefu wa miguu kila siku, na vyakula vya kiwandani vichache.

Je, vidonge? Finland iliwajaribu wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka 1994: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Karoti haina neno. Kidonge chenye dozi kubwa ni jambo jingine.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Sigara na ugoro tuviache. Chai tupunguze sukari, na watoto wasizoeshwe soda. Mchicha, kunde, mapera, maembe na samaki vipo sokoni. Masafa mafupi tutembee badala ya kupanda boda. Usiku tulale, simu tuiweke. Na aliyefika miaka arobaini akapime presha na sukari, hata kama hajihisi mgonjwa.

Mwili ni amana, na amana huulizwa.