Maharagwe Mekundu: Wanunuzi wa Mjini Wapenda Yapi?

Mkulima, ukiisha kushona gunia lako la maharagwe na kulipakia katika lori, je, wajua laenda wapi? Huenda likafika Kawangware, au soko la Toi lililo kando ya Kibera, mjini Nairobi. Wengi wa watu wa huko hawana shamba hata la ukubwa wa mkeka, na maharagwe ndiyo nyama yao ya kila siku. Huyanunua kwa gorogoro, au kwa kikombe yakiwa yamekwisha chemshwa. Yafaa basi tujue hupenda yapi, kwa maana penzi lao ndilo bei yako.

Swali la kwanza la mama anayenunua ni hili: "Yataiva upesi?" Makaa na gesi ni fedha. Maharagwe yanayokataa kuiva humtia hasara, na wiki ijayo hatarudi kwa muuzaji yule.

Sasa tuyalinganishe matatu yanayojulikana sana. Herufi GLP utakazoona mbele ya namba zao zatokana na mradi wa utafiti wa mazao ya jamii ya kunde uliokuwa Thika tangu miaka ya 1970.

Rosecoco, GLP 2, ina madoa mekundu juu ya rangi hafifu. Huiva bila taabu, ni tamu, na mchuzi wake ni mzito. Wenye vibanda vya chapati na maharagwe, ambayo vijana wa mjini huyaita madondo, huipenda sana.

Canadian Wonder, GLP 24, ni kubwa, ya umbo la figo, na wekundu wake waelekea zambarau. Sahani yake hupendeza macho, na mchuzi hupata rangi nzuri.

Wairimu, GLP 585, ni ndogo na nyekundu tupu. Hata ikichemka pamoja na mahindi kwa muda mrefu haipasuki ovyo. Kwa sababu hiyo yafaa sana kwa githeri.

Mimi nimezipika zote tatu nyumbani kwangu, kwa vitunguu na nyanya tu, ili viungo visifiche ladha. Ninayoipenda kuliko zote ni Wairimu. Punje yake ni laini ndani, ngozi yake haikwami menoni, na kesho yake ikipashwa moto huwa tamu zaidi. Lakini usipande Wairimu kwa sababu karani aipenda! Muulize mnunuzi wako kwanza, kisha utazame mvua na udongo wa kwako.

Tena kuna mambo mawili yanayoharibu jina la aina yoyote. La kwanza ni kuchanganya. Aina mbili zikiwa katika gunia moja, moja huiva na kupondeka huku nyingine ingali ngumu kama kokoto. Mnunuzi akiona mchanganyiko hupunguza bei, naye ana haki. Chagua mbegu ya aina moja, na kila aina uivune na kuipura peke yake.

La pili ni ghala. Maharagwe yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva, hata yakiwa ya aina njema. Yakaushe vizuri juu ya turubai, uyatie katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wafe, na uyaweke mahali pa baridi, mbali na ukuta.

Na wewe unayeyala nyumbani, yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kisha uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya kuumiza tumbo. Moto mkali huiondoa, nayo maji ya usiku hupunguza kuni.

Msimu ujao, kabla ya kufunga gunia, tia mkono ndani na utoe konzi moja. Zikiwa punje za rangi moja, kavu, zisizo na tundu, mama wa Kawangware atalipa bila kunung'unika.