Waranti na Haki za Mnunuzi: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kununua

Mchuuzi wa samaki wa Kata ya Dunda anapokwenda Kariakoo kununua friza, hurudi Bagamoyo na friza pamoja na ahadi. Friza hiyo ikiharibika mwezi wa tatu, samaki huoza na mtaji hupotea. Hapo ndipo linapokuja swali la nani atabeba gharama. Jibu lake limo katika mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya: waranti na sheria.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba atatengeneza au kubadilisha bidhaa itakayopata hitilafu ndani ya muda uliotajwa. Ahadi hiyo ina masharti. Waranti nyingi hazihusu uharibifu unaotokana na hitilafu ya umeme, kuanguka au kuingia maji, na hufutika bidhaa ikifunguliwa na fundi asiyetambuliwa na mtengenezaji. Baadhi huhusu matumizi ya nyumbani pekee. Hivyo, mfanyabiashara anapaswa kuuliza kabla ya kulipa.

Hata pasipo kadi ya waranti, mnunuzi hubaki na haki zake. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji kwa masharti yanayohesabika kuwemo katika mauzo hata yasipoandikwa. Kwa hiyo, tangazo la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa mbovu. Hata hivyo, haki hizo hazimhusu aliyebadili mawazo tu baada ya kununua, wala aliyeiona kasoro dukani akainunua bidhaa vivyo hivyo.

Haki hizo huhitaji ushahidi. Wananchi wanashauriwa kuijaribu bidhaa dukani, kudai risiti ya EFD, na kuhakikisha kadi ya waranti ina tarehe, mhuri wa duka na namba ya bidhaa husika. Kwa kuwa maandishi ya risiti hizo hufifia, ni vyema zipigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo.

Bidhaa ikipata hitilafu, isipelekwe kwanza kwa fundi wa mtaani. Muuzaji ajulishwe mapema, na mnunuzi anayeiacha bidhaa dukani apewe hati yenye tarehe ya kupokelewa. Muuzaji akikataa kuwajibika, malalamiko yawasilishwe Tume ya Ushindani (FCC); yanayohusu viwango vya ubora yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mchuuzi aliyeeleza dukani kuwa friza ni ya kuhifadhia samaki, akatunza risiti na kadi yake, ana msingi wa kudai haki. Aliyezitupa atapata shida kuthibitisha hata siku aliyonunua.