Nyigu-vivimbe wa mikaratusi

Nyigu-vivimbe wa mikaratusi (jina la kisayansi: Leptocybe invasa) ni spishi ya nyigu wadogo sana wa familia Eulophidae katika oda Hymenoptera. Jike hutaga mayai ndani ya majani machanga ya mkaratusi, na mti huota vivimbe mahali pa mayai hayo. Asili yake ni Australia, lakini siku hizi anapatikana katika mabara mengi na ni msumbufu wa miti ya kupandwa katika Afrika ya Mashariki.

Nyigu wanaosababisha vivimbe kwenye mialoni ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini ni wa familia nyingine, Cynipidae. Makundi haya mawili hufanana kwa tabia: yote hufanya mti ulishe na kulinda malava wao.

Maelezo

Jike ana urefu wa mm 1.1 hadi 1.4 tu. Rangi yake ni kahawia nyeusi yenye mng'ao wa buluu au kijani. Hawaumi watu. Katika sehemu nyingi madume ni adimu au hawajaonekana kabisa, kwa sababu majike huzaa majike wengine bila kupandwa. Kwa hiyo jike mmoja tu aliyefika mahali papya anaweza kuanzisha kizazi kizima.

Maisha na tabia

Jike huingiza mayai kwenye mshipa wa kati wa jani changa, kikonyo chake au kitawi laini. Baada ya wiki moja au mbili, kovu dogo kama gome huonekana mahali hapo. Kisha tishu za mti huvimba na kufanya kivimbe cha mviringo chenye urefu wa mm 2.7 hivi. Mwanzoni kivimbe ni kijani na hung'aa, halafu huwa pinki, na mwishoni hufifia na kuwa chekundu au kahawia.

Ndani yake lava mweupe asiye na miguu hula tishu za mti, kisha hugeuka kuwa bundo. Mpevu hutoboa tundu la duara na kutoka. Muda wote huo, tangu yai mpaka mpevu, ni miezi minne hadi mitano hivi. Mpevu mwenyewe huishi siku chache tu.

Uenezi

Vivimbe hivi viligunduliwa nchini Israeli mwaka 2000, na spishi ilipewa jina la kisayansi mwaka 2004. Nyigu huyu aliripotiwa Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Husafiri mbali hasa ndani ya miche na matawi mabichi yanayochukuliwa na watu.

Utafiti nchini Uganda ulionyesha kwamba mashambulizi ni makali zaidi katika maeneo ya chini yenye joto kuliko nyanda za juu zenye baridi. Jambo hili ni muhimu kwa Milima ya Usambara, ambapo ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, umeinuka takriban mita 1,000 juu ya tambarare ya Mazinde. Hata hivyo, baridi ya mlimani si kinga kamili.

Madhara

Mikaratusi huwapa wakulima kuni, boriti, mbao na nguzo. Miti mikubwa kwa kawaida huvumilia vivimbe, lakini miche na miti michanga hujikunja majani, hudumaa na pengine hufa. Spishi zinazoathiriwa sana ni pamoja na Eucalyptus camaldulensis na E. tereticornis. Miti ya asili ya msitu haishambuliwi.

Udhibiti

Kunyunyizia dawa hakusaidii sana, kwa kuwa malava wamefichwa ndani ya mti. Njia zinazofaa ni kukagua miche kabla ya kuihamisha, kuteketeza yenye vivimbe, na kupanda aina zinazostahimili. Pia kuna nyigu wengine ambao malava wao hula malava wa nyigu-vivimbe. Quadrastichus mendeli na Selitrichodes kryceri walipelekwa Israeli kutoka Australia, na Selitrichodes neseri alianza kuachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012.