Mtoto Akisoma Kemia ya Uhai Atafanya Kazi Gani?

Siku hizi watoto wetu wanarudi kutoka shule na maneno mapya. Mmoja anasema, "Baba, nataka kusomea biokemia." Mwingine anasema, "Mama, mimi nitasoma biofizikia." Mzazi anashangaa. Udaktari tunaujua. Ualimu tunaujua. Je, hii nyingine ni kazi gani? Isije ikawa tunauza ng'ombe bure!

Swali hilo ni la haki. Mzazi anayetoa mali yake lazima ajue anainunulia nini. Leo tutaeleza maana ya masomo hayo, faida yake kwetu sisi watu wa Mwanza, na kazi anazoweza kuzipata aliyeyasoma.

MAANA YA MANENO HAYO

Biokemia ni kemia ya vitu vyenye uhai. Maziwa yakiwekwa kwenye kibuyu yanaganda. Muhogo mchungu ukilowekwa na kukaushwa vizuri sumu yake inapungua. Ugali tunaokula unageuka kuwa nguvu ya kulima. Mambo hayo yote ni kazi ya biokemia, hata kama hatukujua jina lake.

Biofizikia ni fizikia ya vitu vyenye uhai. Inahusu mwanga, joto, umeme na mionzi ndani ya mwili. Moyo wako unapiga kwa umeme mdogo sana, na hospitali wanacho chombo cha kuupima. Ukivunjika mguu unapigwa eksirei. Hiyo ni fizikia inayomtumikia mgonjwa.

MFANO ULIO KARIBU NASI: SIKOSELI

Tuchukue mfano mmoja tunaoujua kwa uchungu. Mtoto anazaliwa vizuri. Baada ya miezi kadhaa vidole vinavimba. Macho yanakuwa ya manjano. Damu inapungua kila mara. Analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Watu wanaanza kunong'ona: amerogwa. Wengine wanamlaumu mama, na hata ndoa inavunjika.

Kumbe ni sikoseli, au selimundu. Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa imeathirika sana. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, zinapita vizuri kwenye mishipa. Chembe za mgonjwa hupinda kama mundu wa kuvunia. Zinakwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu yanapotokea. Tena hufa mapema, ndiyo maana damu inapungua.

Nani alitambua hayo? Daktari Mmarekani, James Herrick, aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910 baada ya kuziona kwa darubini. Lakini hakujua kwa nini zinapinda. Mwaka 1949 Linus Pauling, akiwa na mwanafunzi wake Harvey Itano na wenzao, walichukua himoglobini, yaani kitu chekundu kinachobeba hewa safi ndani ya damu. Wakaipitishia umeme. Himoglobini ya mgonjwa haikutembea sawa na ya mtu mwenye afya. Basi wakajua kwamba kosa limo ndani ya himoglobini yenyewe.

Mwaka 1956, huko Cambridge, Uingereza, Vernon Ingram alilikuta kosa lenyewe. Himoglobini imeundwa kwa minyororo. Mmoja wa minyororo hiyo una vipande 146 vilivyopangwa kama herufi katika neno. Kwa mgonjwa, kipande cha sita tu ndicho kimebadilika.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunalielewa jambo hili vizuri. Andika neno KULA. Sasa ondoa L, weka F. Umepata KUFA. Herufi moja tu, na maana yote imegeuka.

KWA NINI HAPA ZIWANI?

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali huko Kenya. Aliona kwamba watu wenye chembe za sikoseli ni wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni wachache sana kwenye milima yenye baridi. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Jibu ni mbu wa malaria.

Mwaka 1954 alitangaza matokeo yake. Mtoto aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu haumwi sikoseli, na malaria kali haimwui kwa urahisi. Kwa hiyo watu wa namna hiyo waliishi na kuzaa, na kosa likaendelea kurithiwa. Lakini mtoto aliyerithi kwa baba na kwa mama pia, huyo ndiye mgonjwa. Tena yeye malaria humdhuru vibaya sana, kwa hiyo lazima alale ndani ya chandarua na afuate dawa za kinga anazopewa na daktari.

Zingatieni hapo, akina baba. Ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake. Wazazi wote wawili wamebeba, hata kama wote wana afya njema. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hii haina maana kwamba ukishampata mmoja basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba inahesabiwa upya.

Haya, sasa mnaona faida ya somo hili? Hakuna mchawi hapo, wala mke mwenye mkosi. Kuna kipimo cha damu, na kipimo hicho bado kinatumia njia ileile ya kupitisha umeme. Kinaonyesha nani ni mgonjwa na nani amebeba tu. Mtoto akigundulika mapema hupewa chanjo, dawa na mashauri, naye anaweza kukua, kusoma na kuoa au kuolewa. Hospitali ya Bugando, hapahapa Nyamagana, inawatibu wagonjwa wa sikoseli.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

Kwanza ni kazi za hospitali. Wapo wataalamu wa maabara wanaopima damu, mkojo na makohozi. Wapo wanaosimamia mashine za mionzi za kutibu saratani, wanaohakikisha mgonjwa anapata kiasi kinachotakiwa, si zaidi wala pungufu. Huyo wa mionzi ni mtu wa fizikia.

Pili ni utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo Nyegezi. Ukiriguru, wilayani Misungwi, wanatafiti pamba na mihogo. Mkulima anayesumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia anahitaji mtu wa maabara wa kujua mbegu ipi ni safi.

Tatu ni ukaguzi wa vyakula na dawa. Mnakumbuka mwaka 1999? Nchi za Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Wavuvi na wenye viwanda waliumia. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa maneno, huondolewa kwa vipimo. Nyegezi ipo maabara ya taifa ya kupima ubora wa samaki. Sangara anayekwenda nje lazima apite kwenye macho ya wataalamu hao.

Nne ni kazi za sheria. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu, dawa za kulevya na vinasaba. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha baba halisi wa mtoto, au kumwokoa mtu aliyesingiziwa kosa.

Tano ni ualimu. Shule nyingi za kata zinalia kwa kukosa walimu wa sayansi.

NJIA YA KUFIKA HUKO

Mtoto aanze kwa kushika Hisabati, Fizikia, Kemia na Baiolojia tangu kidato cha kwanza. Akimaliza kidato cha nne ana njia mbili. Anaweza kwenda kusoma stashahada ya maabara. Au aendelee na kidato cha tano na cha sita, achukue Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha aende chuo kikuu.

Chuoni jina la biokemia pengine hamtalikuta juu ya cheti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Chuo cha Sokoine, Morogoro, kinatoa shahada ya bioteknolojia na sayansi za maabara. Bugando kuna chuo kikuu cha afya, kilichoanza mwaka 2003, na huko kila anayesomea udaktari lazima apite kwenye biokemia.

Msidanganyike, ndugu wazazi. Shahada ya biokemia haimfanyi mtu kuwa daktari. Tena anayetaka kupima wagonjwa lazima asome kozi ya maabara inayotambuliwa na asajiliwe na baraza la taaluma hiyo. Ulizeni kabla ya kulipa. Vilevile kazi hizi hazipo kila kijiji, na wapo waliomaliza wakakaa muda mrefu bila ajira. Mtoto ajue hivyo mapema.

Kuhusu gharama, ada ya shule za serikali imefutwa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Chuo kikuu kuna mikopo ya serikali kwa wanaostahili. Lakini nauli, sare, madaftari na chakula bado ni juu yetu. Na mtoto wa kike anayechota maji mpaka usiku atasoma kemia saa ngapi? Hapo hatuhitaji Serikali, tunahitaji kugawana kazi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si haki kumlaumu mama peke yake mtoto akiwa na sikoseli?

2. Kwa nini ugonjwa huu uko zaidi ziwani kuliko milimani?

3. Shule ya kata yenu ina mwalimu wa Kemia na wa Fizikia? Kama hayupo, kijiji kinaweza kufanya nini?

4. Nani kijijini kwenu ana mtoto mwenye dalili tulizozitaja? Nani atamsindikiza hospitali kupima, na lini?