Utaya Mdogo wa Tendaguru

Mkazi wa Gongoni ajua jinsi maji ya bahari yanavyoingia katika tope la pwani na kutoka tena, yakiacha makombe na mifupa ya samaki. Yapata miaka milioni 150 iliyopita, nchi ya Tendaguru, karibu na Lindi kusini mwa Tanzania, nayo ilikuwa pwani ya namna hiyo. Humo mlizikwa mifupa ya majitu yaitwayo dinosau.

Tangu 1909 hata 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, wakiwamo Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba huko pamoja na mamia ya vibarua Waafrika, ambao msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walichukua mizigo mwendo wa siku nne mpaka Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Jitu mojawapo limesimamishwa Berlin, na kimo chake chapata mita 13.

Lakini katika mzigo huo ulikuwamo pia utaya mmoja wa mnyama wa kadiri ya panya. Mwaka 1927 W. O. Dietrich aliupa jina Brancatherulum tendagurense, kwa kumkumbuka Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho wakati wa safari ile. Mnyama huyo hakuwa dinosau. Alikuwa wa jamii moja na mbuzi, ng'ombe na sisi wenyewe.

Kwa bahati mbaya utaya huo hauna jino hata moja. Meno ndiyo yatuambiayo mnyama alikula nini na ukoo wake ni upi. Kwa hiyo ni vigumu kuwatambua jamaa zake. Baadaye Wolf-Dieter Heinrich aliuchunguza udongo uliotoka pamoja na mifupa ile ya kale, akapata mabaki ya wanyama wadogo wengine. Mmoja alimpa jina Staffia mwaka 1999. Vibarua walikuwa wameuchukua udongo huo vichwani miaka themanini na zaidi kabla ya hapo, na ndani yake mlikuwa na hazina.

Basi, achimbaye kisima akiona mfupa uliogeuka jiwe, hata uwe mdogo kama punje ya mahindi, asiuvunje wala asiuoshe. Na aache udongo wake hapo hapo, kisha apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa.